Moto wa Mwaka wa Kwanza

Mji wa Kale, Mombasa
11 Mei 2025

Mpendwa Senge Truphosa,

Pokea salamu nyingi za mapenzi, shangazi yangu, kutoka kwa mtoto wa kaka yako. Natumai barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua katika baridi ya Kimilili. Sisi huku hatujambo kabisa, mimi na Kyalo. Mimi na Kyalo! Senge, wakati mwingine nayaandika majina haya mawili kwenye kipande cha gazeti ili niyaone tu yamekaa pamoja.

Ulisema simu ni ya habari za misiba na za ng'ombe kuzaa, na kwamba furaha iandikwe. Basi nimenunua karatasi nyingi, na bado nadhani hazitatosha.

Tunakaa ghorofa ya juu kwa Bi Mwanabaraka, mama Mswahili aliyeachiwa nyumba hii na marehemu babake. Kutwa husalimia watu kutoka barazani, na hakuna apitaye bila kuulizwa hali yake, ya mamake na ya paka wake. Hataki mtungi wa gesi ndani ya nyumba ya babake, hivyo sote tunapika kwa makaa huko juu ya paa. Nilipoliona lile jiko la makaa siku ya kwanza nilifurahi, maana nilikukumbuka. Sijasahau, Senge. Kila asubuhi nikiliwasha nakumbuka ile jioni ya kuamkia harusi, uliponifungia jikoni kwako, ukanishikisha mwiko wa bibi na kuniambia nikufuatishe: moto wa nyumba yangu hautawashwa na mwanamke mwingine hata mwaka uishe. Nilisema kwa sauti, kama walivyosema bibi na mama. Nami naushika. Hata Bi Mwanabaraka akitaka kunisaidia kupuliza makaa namwambia, "Hapana, mama, huu ni wangu." Hunicheka.

Sasa shika kiti. Kanisa letu la Makupa linapeleka kikundi Karonga, kaskazini mwa Malawi, mwezi wa nane, kwa wiki mbili. Kuna kanisa ndugu huko lenye wasichana waliokatiza masomo, nao wamepewa chumba wajifunze ushonaji. Mafundi wa Bondeni na wa Biashara Street wametoa vyerehani vyao vikongwe, Wakristo kwa Waislamu. Lakini vingi vimekwama, vingine havina hata mikanda. Anatafutwa mtu wa kuvifufua, kuvipanga huko, na kuwafundisha wale wasichana kuvitunza ili visife tena wageni wakishaondoka. Mtu gani huyo? Kyalo wangu! Mchungaji Ronald alimtaja mbele ya kanisa zima, nami nilipiga kigelegele hadi mtoto wa mtu akaanza kulia.

Ungeona mikono yake akifungua cherehani, Senge. Haina haraka. Huweka kila msumari wa skrubu juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio alioutolea. Hivyo ndivyo alivyonichumbia pia, bila haraka na bila kupoteza kitu.

Wiki mbili bila yeye sijui nitapumuaje. Lakini nitavumilia, maana ni kazi ya Bwana.

Ni mimi, mwanao mwenye furaha,
Nasipwondi

*

Kimilili
20 Mei 2025

Kwako mtoto wa kaka yangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Goti ni lile lile. Mahindi yamefika kiunoni, na yule ng'ombe mweusi amezaa, nami sikukupigia simu kwa kuwa barua yako ilikuwa mkononi.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikamshukuru Mungu. Mume anayeweka misumari kwa mpangilio ni mume wa kushukuriwa.

Aende Malawi. Mwanamume kusafiri si jambo jipya. Wewe kaa, uwashe moto wako, umwombee, na atakaporudi akute nyumba ina joto. Usilie mbele yake kwenye basi. Lia ukifika nyumbani.

Msalimie huyo Bi Mwanabaraka. Mwambie ninamshukuru kwa kukutunza.

Ni mimi, Senge yako

*

Mji wa Kale, Mombasa
2 Juni 2025

Senge mpendwa,

U hali gani? Je, ndama anaendeleaje? Sisi ni wazima wa mwili, lakini leo habari yangu si ya kigelegele.

Jana baada ya ibada kamati ya safari ilikaa. Kyalo tayari amechanjwa ile sindano ya homa ya manjano, pasipoti anayo tangu alipokwenda Arusha kununua vipuri, na vyerehani zaidi ya nusu ameshavifufua. Nilikuwa nimekaa nyuma na chupa ya chai ya wanakamati. Ndipo akainuka Mzee Gunga, mzee wetu wa kanisa, Mgiriama mpole ambaye sijawahi kumsikia akimkaripia mtu. Akasema, "Ndugu zangu, mnisamehe. Huyu kijana ameoa juzi tu. Maandiko yanasemaje juu ya mume mpya?"

Mzee akakumbusha ile sheria ya kale ya Musa, kwamba mwanamume aliyeoa asitumwe vitani wala asipewe kazi ya kumtoa nyumbani, bali awe huru mwaka mzima apate kumfurahisha mke aliyemwoa.

Mchungaji akasema, "Mzee, lakini hii si vita."

"Ni kazi ya kumtoa nyumbani. Miye nimeshuhudia ndoa ngapi hapa? Zile zilizoyumba, nyingi ziliyumbia mwaka wa kwanza. Simzuii kwa chuki. Namzuia kwa kumpenda."

Nilitaka kusimama na kusema kwamba mimi mke mwenyewe nimekubali. Nikaanza kutafuta pa kuiweka chupa ya chai. Kyalo akasimama badala yangu. Unajua alisema nini? "Nimekubali, mzee." Basi. Akaketi.

Tulirudi kwa miguu kutoka Makupa, tukapita Bondeni yote. Kwa aibu yangu nikuambie ukweli, nusu ya moyo wangu ilikuwa inacheza kwa kuwa haendi tena. Nusu nyingine iliwaona wale wasichana wa Karonga wakifunguliwa masanduku yenye vyerehani ambavyo hakuna awezaye kuvirekebisha. Picha yao iko ukutani kanisani. Kuna mmoja wa mbele anacheka huku amefumba macho, kama mtu aliyepigwa picha kabla hajawa tayari. Nimekuwa nikimwombea yeye hasa, ijapokuwa simjui jina.

Tuombee, Senge.

Mwanao,
Nasipwondi

*

Kimilili
10 Juni 2025

Mwanangu,

Salamu. Tu wazima. Ndama anakula hata kamba.

Huyo Mzee Gunga simjui, lakini akipita Kimilili nitamchinjia kuku. Mambo yamejinyoosha yenyewe. Mumeo yuko nyumbani, nawe uko nyumbani. Mungu atawapatia watu wa Karonga fundi mwingine.

Futa machozi.

Ni mimi, Senge yako

*

Mji wa Kale, Mombasa
23 Juni 2025

Senge wangu mpendwa,

Natumai hujambo na goti limekupa nafasi. Hapa mvua imepungua na upepo wa kusi umeanza, nguo hukauka juu ya paa kabla hujamaliza kuzianika. Kyalo anakusalimu sana. Nina jambo kubwa la kukuambia, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi na usiikunje katikati.

Fundi mwingine hakupatikana. Mchungaji ametafuta hadi Likoni na Changamwe. Anayeweza hana nafasi, na mwenye nafasi hawezi.

Wajua kwamba tangu harusi nampelekea Kyalo chakula cha mchana kazini, pale Biashara Street, kwenye ule ujia kati ya maduka mawili ya kanga. Nikifika siondoki. Ningeondokaje? Nakaa kwenye kigoda, namshikia bisibisi, nampa mafuta, namtazama. Nimemtazama sana hata najua cherehani kikikohoa ni nini kimekwama. Wiki iliyopita alikuwa ameinama kwenye kimoja kilichokuwa kikikata uzi kila mara, nami nikasema tu, "Si bobini imefungwa uzi mwingi kupita kiasi?" Akaitoa, akaitazama, akanitazama mimi.

Akasema, "Nenda wewe."

"Wapi?"

"Karonga."

Nilicheka hadi Fuad, fundi wa kanzu wa jirani, akaacha kushona. "Mimi? Mpenzi, nitalia kuanzia Lunga Lunga mpaka Malawi."

"Lia," akasema. "Mikono tu isilie."

Tangu siku hiyo ananifundisha kwa dhati. Kila alasiri nafungua, nasafisha, naunganisha. Nimekuwa mweusi wa mafuta hadi kwenye kope. Fuad anapita akisema, "Kyalo, weye umeoa ama umeajiri?" Kyalo humjibu, "Vyote viwili, na mshahara ni mahamri." Senge, nampenda mtu huyu kiasi kwamba nikimwona ananisahihisha bila kuinua sauti, nataka kukosea tena.

Lakini si mapenzi tu. Usiku na mchana namwona yule msichana wa picha. Nilipokatiza masomo mwaka ule mama alipotutoka, ni wewe uliyeuza ndama nikarudi kumaliza kidato cha nne. Wao hawana Senge. Ninahisi nimeitwa, na nikikaa kimya nitajua kwamba niliitwa nikakaa kimya.

Kilichobaki ni wewe. Niliahidi mbele yako kwamba moto wa nyumba yangu hautawashwa na mwingine. Nakuomba uniachilie kwa hizo wiki mbili tu. Nitarudi na kuuanza upya, hata mwaka ukiongezwa siku. Ukisema nenda, nitakwenda kwa raha.

Mwanao anayekusubiri,
Nasipwondi

*

Kimilili
1 Julai 2025

Nasipwondi,

Salamu. Mimi mzima.

Nimeikunja katikati, nikaikunjua, nikaimaliza. Jibu langu ni hapana.

Sikukushikisha mwiko ule kwa mchezo. Bibi yako aliushika, mama yako akaushika, mimi niliushika. Mama yako hakuishi hadi uzee katika ndoa yake, lakini hakuna aliyewahi kusema moto wake uliwashwa na mtu. Ni mwaka mmoja, mwanangu. Miaka mingine yote nenda utakako, hata ukavuke bahari.

Nani atampikia huyo mume? Dada fulani wa kanisa mwenye huruma? Ataanza na chai, kisha ataanza kujua sukari iko wapi. Nimeziona nyumba zikivuja kuanzia hapo.

Wasichana wa Karonga ninawahurumia. Lakini mimi nilikabidhiwa wewe, sikukabidhiwa wao.

Sikuachilii.

Senge yako

*

Mji wa Kale, Mombasa
14 Julai 2025

Mpendwa Senge,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama. Yako ilinifikia, nikaisoma juu ya paa kando ya jiko, nikalia, nikaosha uso, nikashuka kwenda kufungua cherehani. Sikukasirika. Ningekasirikaje na mtu aliyeuza ndama kwa ajili yangu?

Lakini ninakuandikia yote, maana sitaki uyasikie kwa mtu mwingine.

Jumamosi kamati ilinijaribu. Walileta cherehani kimoja kilichochakaa kabisa, wakakiweka mbele, wakasema, "Haya, bibi harusi." Nikakifungua, nikakisafisha, nikakiunganisha. Nilikuwa naringa kidogo. Nikatia kitambaa, nikakanyaga. Mshono ukaruka. Nikakanyaga tena. Ukaruka tena! Dada mmoja akanong'ona, "Si nilisema?" Nikamtazama Kyalo aliyekuwa mlangoni ameuma kidole, mzuri hata nikasahau nilikuwa nafanya nini, na hapo nikaelewa tatizo ni nini. Tangu mwanzo nilikuwa namtazama yeye. Nikasema mbele ya watu wote, "Mchungaji, naomba mume wangu atoke nje."

Walicheka hadi wengine wakashika meza. Akatoka. Nikavuta pumzi, nikaomba, nikatazama sindano. Nilikuwa nimeitia nyuma mbele. Ule ubavu wake bapa ulielekea upande usio wake, Senge, kosa la mtoto wa siku ya kwanza. Nikaigeuza. Mshono ukatoka kama umechorwa kwa rula.

Ndipo Mzee Gunga akainuka. "Amefaulu," akasema, "na sheria ile inamhusu mume, haimhusu mke. Lakini roho yake ni nini? Ni hawa wawili wasitenganishwe mwaka wa kwanza. Mnang'oa mti huku mnaniambia mmeuacha mzizi."

Kyalo alikuwa amerudi mlangoni. Wajua jinsi alivyo mkimya. Akasema, "Mzee, naomba unisomee mwisho wake tena. Mume anaachwa nyumbani afanye nini?"

"Amfurahishe mkewe."

"Basi mimi nimekaa nyumbani kama mlivyoniagiza. Na huyu mke nimemuuliza kitakachomfurahisha ni nini. Akaniambia ni kwenda Karonga kuwafundisha wale watoto. Mzee, nimtii nani?"

Mzee Gunga akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Kijana," akasema, "nakaa kwenye kiti hiki tangu hujazaliwa, na sijawahi kufungwa bao hivi." Akaja akaniwekea mkono kichwani, akaniombea kwa Kigiriama, kisha kwa Kiswahili ili nielewe.

Basi kamati imekubali. Nimechanjwa, mkono umevimba. Pasipoti nimeitwa nikaichukue wiki ijayo. Bi Mwanabaraka amenitolea leso mbili na kusema, "Huko ugenini mwanamke hakosi cha kujitanda, mwanangu."

Limebaki neno lako. Sitaki kwenda kama mtu aliyetoroka kwao. Nakuomba mara ya pili.

Mwanao,
Nasipwondi

*

Mji wa Kale, Mombasa
3 Agosti 2025

Senge wangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimekuwa nikienda ofisi ya vifurushi vya basi kila siku, hadi yule karani akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza. Natumai kimya chako si cha ugonjwa. Nilikupigia, simu yako imezimwa kama kawaida yake. Mjumbe wa kanisa la huko aliniambia amekuona sokoni ukigombania bei ya mitumba, kwa hiyo najua u mzima na umeamua kunyamaza.

Kesho tunaondoka alfajiri. Masanduku ya vyerehani yamefungwa, nimeandika kwenye kila moja upande wa juu ni upi. Nguo zangu zimo kwenye begi dogo, na katikati yake nimeficha shati moja la Kyalo ambalo halijafuliwa. Usinicheke.

Nimefikiri sana juu ya ahadi yangu. Nimeigeuza kila upande kama nilivyoigeuza ile sindano. Niliahidi kwamba moto wa nyumba yangu hautawashwa na mwanamke mwingine. Hautawashwa. Nimemweleza Kyalo yote, neno kwa neno, hata ule mwiko. Hakucheka. Aliuliza, "Je, mume anaruhusiwa?" Nikasema ahadi haikumtaja mume, kwa kuwa bibi hakuwahi kufikiri kuna mume ambaye angependa. Akasema, "Basi nionyeshe kupanga makaa."

Nimemwonyesha. Senge, mtu anayefufua cherehani cha enzi za babu zetu hawezi kuwasha jiko. Alijaza moshi hadi Bi Mwanabaraka akapiga kelele kutoka chini, "Nyumba ya babangu!" Lakini jana aliliweza. Ugali wake bado una madonge.

Nakwenda, Senge. Siendi kwa kuvunja, nakwenda nikiwa nimeshika. Ukiniona nimekosa, nitakuja Kimilili nipige magoti na uniambie uso kwa uso. Lakini nakwenda.

Nitaendelea kuwa mwanao, ukinijibu au usiponijibu,
Nasipwondi

*

Nyumbani kwa Bi Mwanabaraka
Mombasa, 15 Agosti 2025

Kwako mwanangu Nasipwondi,

Salamu. Utaikuta barua hii juu ya cherehani, kwa maana mumeo ameniambia hapo ndipo unapoweka macho kwanza, baada ya kumwona yeye. Mimi nitakuwa nimeshaondoka. Goti halijambo. Limepanda ngazi za watu wa Mombasa na limenyamaza.

Sikujibu barua yako ya mwezi wa saba kwa sababu jibu lingekuwa hapana tena, na nilikuwa nimechoka kuliandika. Ile ya tarehe tatu ilinifikia Jumatano. Alhamisi nilikuwa kwenye basi. Nikuambie kweli, sikuja kwa wema. Nilijisemea, hakuna mume wa namna hiyo. Nitafika nimkute dada fulani mwenye huruma anakoroga sufuria, nimshike mkono, nikungoje na ushahidi.

Nilimkuta mwenye nyumba barazani. Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu, akasema, "Karibu. Weye ndiye Senge wa barua." Nikamuuliza nani anampikia mkwe wangu. Akasema, "Panda ukaone mwenyewe. Miye nimechoka kucheka."

Nilisimama kwenye mlango wa paa. Unajua mimi ni mkwe wake, siwezi kuingia kwake hivi hivi, wala kumtazama usoni. Kumbe kwao Ukambani nako ni hivyo hivyo. Aliponiona aligeukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, na sufuria ikabaki peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unga unaungua."

"Ndiyo, mama. Nimeelekea ukutani."

"Basi mimi ndiye nitakayegeuka. Wewe tazama sufuria."

Nikampa mgongo, nikatazama ngazi. Nikamfundisha ugali hivyo, mwanangu, nikisikiliza mlio wa mwiko tu. "Bonyeza. Usikoroge kama uji. Sasa uache ujifunike." Huyo mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye ngazi katikati yetu akitufikishia habari ambazo sote tulikuwa tunazisikia. "Asema umeiva." "Nimesikia." "Asema amesikia."

Siwezi kula kwake wala kulala kwake, kwa hiyo ugali ulishushwa kwa Bi Mwanabaraka, nikaula chini. Ulikuwa na madonge machache. Nimelala kwa huyo mama siku zote hizi. Adhana huniamsha mimi, nami huanza nyimbo zangu za asubuhi nikamwamsha mjukuu wake. Hatujagombana bado.

Ameniambia mengi. Kwamba dada mmoja wa kanisa alipanda siku ya pili na moyo safi, akashika kiberiti amsaidie, na mumeo akakichukua mkononi mwake taratibu, akasema, "Samahani, dada, huu moto una mwenyewe." Kwamba tangu siku hiyo kiberiti hukitia kwenye mfuko wa shati akaenda nacho kazini, na mafundi wenzake wanamuuliza ameanza kuvuta sigara lini.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Juzi upepo ulikuwa mkali, jiko likazimika yeye akiwa ameshuka kuteka maji. Nilikuwa hapo mlangoni. Kiberiti alikiacha kwenye ukingo. Mkono wangu ukaenda wenyewe, mwanangu. Miaka yote hii nimewasha moto, nikiona jiko limezimika siulizi. Nilikishika, nikakifungua, nikatoa kijiti. Hapo ndipo nikakumbuka. Mimi pia ni mwanamke mwingine.

Nikakirudisha. Nikakaa kwenye ngazi nikimngoja aje auwashe yeye. Alipouwasha na ukashika, nilishukuru Mungu kwa sauti, naye upande wake akasema amina bila kujua namshukuru kwa nini.

Jana jioni ulimpigia. Sikukusudia kusikiliza, lakini anaongea na wewe kama mtu aliye peke yake duniani. Nilimsikia akisema, "Mshono unaruka? Umetazama sindano?" Kisha akacheka, akasema, "Bibi fundi." Aliniambia baadaye, akiwa ameelekea ukutani, kwamba ni yule msichana wa kwenye picha aliyeligundua kosa la sindano kabla yako. Anaitwa nani? Utaniandikia.

Nilikuja ama kukufungua ama kukukaza. Nimekuta hakuna cha kufungua. Ahadi umeishika, na aliyekushikia ni yeye. Mwiko wa bibi nilikuja nao, nimeuacha juu ya paa kwenye msumari karibu na jiko. Jana alishasonga ugali nao.

Mwambie Mzee Gunga kuku wake bado yuko hai Kimilili anamngoja.

Neno moja la mwisho, na hili ni la Senge, si la barua. Utafika umechoka, na kwa jinsi nilivyokulea utataka kukimbilia jikoni kabla hujavua viatu. Usiende. Keti. Mwache awashe, mwache akupikie. Mwaka wake wa kukufurahisha bado haujaisha.

Ni mimi, Senge yako,
ninayekuachilia